Tiki ya Ijumaa Ijayo

Kengele ya mwisho ya shule ilipolia, wanafunzi walitawanyika kila mmoja na njia yake. Wengine walikimbilia uwanjani, wengine nyumbani, na wachache walibaki kufagia darasa kwa sababu walizozijua wao na mwalimu. Chapuchapu yeye alielekea kwa daktari wa meno. Alifanya hivyo kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, hivi kwamba mtu asiyemfahamu angemhurumia na kujiuliza mtoto huyu ana meno mangapi hata yasiishe kung'olewa.

Ukweli ni kwamba meno yake hayakuwa na neno. Mama yake alikuwa karani wa mapokezi katika kliniki ya meno, na nyumbani kwao mchana hapakuwa na mtu. Daktari mwenyewe, mwanamke mrefu mwenye maneno machache, ndiye aliyesema siku moja, "Mtoto asishinde na kufuli. Aje hapa." Kisha akaitoa meza ndogo iliyokuwa stoo, akaifuta vumbi kwa mkono wake, akaiweka pembeni mwa chumba cha kusubiria, mahali ambapo upepo wa feni ulifika. Tangu siku hiyo Chapuchapu akawa na ofisi.

Jina la Chapuchapu alipewa na mama yake. Lile jina lake la daftarini lilitumika shuleni tu, tena siku za mitihani. Alikula chapuchapu, aliandika chapuchapu, na ukitaka kumsalimia ulikuta ameshaitikia. Methali ya haraka na baraka alikuwa ameisikia mara nyingi kiasi kwamba mtu akiianza, yeye alimmalizia.

Jirani wa meza yake lilikuwa tangi la samaki. Lilikuwa tangi la kioo, refu kama mikono miwili ya mtu mzima, limewekwa karibu na dirisha. Ndani yake waliogelea samaki saba wa rangi ya machungwa. Mmoja alikuwa mnene kuliko wote. Huyo alizunguka huku na huko bila kufanya kazi yoyote, lakini chakula kikija alikuwa wa kwanza. Wagonjwa walimwita Meneja. Wale sita wadogo waliomfuata nyuma waliitwa makarani, na mama yake Chapuchapu, ambaye alikuwa karani kweli, hakupendezwa sana na mzaha huo.

Tangi lile lilikuwa na faida kubwa. Mtoto aliyeingia kliniki analia alisimamishwa mbele yake, na kabla machozi hayajafika kidevuni alikuwa ameshaanza kuhesabu samaki.

Aliyelileta alikuwa fundi mmoja, mwanamke kijana, aliyekuwa akifuga samaki wa mapambo na kuwatengenezea watu matangi. Pale kliniki walimwita Dada Ndoo kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona bila ndoo ya bluu mkononi. Kliniki hiyo ilikuwa ofisi ya kwanza kumwamini. "Tangi hili ndilo cheti changu," alipenda kusema. "Watu wakiliona linapendeza, wataniita na kwao."

Sasa, Chapuchapu alikuwa na haraka zake, lakini shukrani alikuwa nayo. Kila alipokaa kwenye ile meza, feni ikimpepea, aliona kwamba neno "asante" lilikuwa jepesi mno. Siku moja akamwendea Daktari.

"Daktari, naomba kazi."

"Kazi gani?"

"Ya kutunza samaki. Sitaki chochote. Ni ya kushukuru tu, kwa ajili ya ile meza."

Daktari alimtazama juu ya miwani kwa muda. "Haya," akasema. Kwa Daktari, hiyo ilikuwa hotuba.

Dada Ndoo alikuja kumfundisha, alasiri tatu mfululizo, bila kuomba malipo wala kuyataja. Alimwonyesha chakula cha samaki ni kiasi gani: kipimo cha ncha za vidole viwili, hata Meneja akikodoa macho namna gani. Alimwonyesha jinsi ya kufuta kioo. Halafu akamzungusha nyuma ya tangi, akamwonyesha kisanduku cha plastiki kilichoning'inia ukingoni.

"Hili ni chujio," alisema. "Wewe fikiria nyumba isiyo na choo. Samaki anakula humu, analala humu, na yale mengine anayafanya humu humu. Chujio ndilo linalowasitiri. Pampu inavuta maji kwa bomba hili, yanapita kwenye sponji, uchafu unabaki, maji yanarudi tangini kama maporomoko madogo. Yakiporomoka yanachukua hewa, na samaki wanapata kupumua. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Umeelewa au umeitikia? Maana nimeambiwa habari zako."

Chapuchapu alicheka.

"Adui wa chujio ni huyu," Dada Ndoo aliendelea, akikwangua kwa ukucha ute wa kijani uliokuwa umeanza kushika mdomo wa bomba. "Huu ni mwani. Si sumu, na si dhambi, ni mmea kama mimea mingine. Ukiupa mwanga wa jua na uchafu wa samaki, unanenepa. Kwa hiyo pazia la dirisha hili lisifunguliwe mchana. Na kila Ijumaa, mdogo wangu, unazima pampu, unatoa sponji, unaikamua ndani ya ndoo yenye maji ya tangi hili hili. Si maji ya bomba, na sabuni isisogee. Kisha unasugua lile bomba kwa brashi hii ndefu mpaka ndani."

Mama yake alichora jedwali kwenye karatasi ngumu na kulibandika ukutani: Chakula, Kioo, Chujio. Kila kazi ikifanyika, Chapuchapu aliweka tiki. Chakula na kioo vilikuwa na tiki za kila siku. Chujio lilikuwa na kijumba kimoja tu kwa wiki, cha Ijumaa.

Ijumaa ya kwanza alifanya kila kitu kama alivyofundishwa. Ya pili pia, ingawa maji ya ndoo yalimrukia kwenye sketi akanuka kama Meneja hadi jioni. Ijumaa ya tatu, wenzake walikuwa wanaruka kamba barabarani mbele ya kliniki. Akachungulia nyuma ya tangi. Maji yalikuwa yanaporomoka vizuri. Mbele, kioo kilikuwa safi. Akaweka tiki, akatoka kuruka kamba.

Hakuna kilichotokea, na hapo ndipo lilipokuwa tatizo. Kosa lingeadhibiwa papo hapo, tungekuwa watakatifu wote.

Wiki iliyofuata mgonjwa mmoja, mama mwenye shavu lililovimba, alisema kwa shida, "Kioo hiki kinang'aa jamani. Nani anasafisha?" Chapuchapu alinyoosha mkono kama yuko darasani. Sifa ni tamu. Kuanzia siku hiyo alikifuta kioo mara mbili, kisha mara tatu. Akagundua pia kwamba pazia likifunguliwa, jua liliwapiga samaki wakawaka kama makaa, na wagonjwa wakazidi kusifu. Basi akawa analifungua pazia kila alipofika. Aliyoyasema Dada Ndoo kuhusu jua aliyakumbuka, ila aliyakumbuka kwa mbali, kama mtu anavyokumbuka kwamba kesho kuna jaribio la hesabu.

Chujio, kwa kuwa lilikaa nyuma, halikusifiwa na mtu. Ijumaa ya nne alilipa tiki bila hata kuchungulia. Na siku ya Jumatatu, akiwa na kalamu mkononi na haraka kichwani, akaona ni kupoteza muda kuinuka kila Ijumaa kwa ajili ya alama moja. Akajaza tiki za mbele. Akaijaza Ijumaa ya wiki hiyo, akaijaza na ya wiki inayofuata, kisha akaketi na moyo mweupe kama mtu aliyemaliza kazi.

Wakati huohuo, kwenye giza la nyuma ya tangi ambalo sasa halikuwa giza tena, mwani ulikuwa unakula na kunywa.

Jumanne maporomoko yalikuwa yamepungua na kuwa matone. Chapuchapu aliyaona. Aligonga chujio kwa kidole mara mbili, likakohoa, likatoa maji kidogo. "Limechoka tu," akajiambia. Akafuta kioo.

Jumatano, alipoingia kliniki, alikuta mvulana mdogo wa miaka sita ameegemeza pua kwenye tangi, shavu moja limejaa pamba.

"Dada," mvulana alisema kwa sauti ya pamba, "kwa nini samaki wanapiga miayo? Hawakulala?"

Chapuchapu aliweka mkoba chini. Samaki wote saba walikuwa juu kabisa, midomo imegusa uso wa maji, inafunguka na kufungika, inafunguka na kufungika. Meneja, aliyezoea kutembea tangi zima kama anakagua mali yake, alikuwa amening'inia pembeni, mapezi hayachezi. Karani mmoja, mdogo kuliko wote, alikuwa ameanza kulala ubavu. Nyuma ya tangi hapakuwa na sauti ya maji. Pampu ilikuwa inanguruma tu kama mtu anayekoroma.

"Mama," Chapuchapu aliita. Sauti ilitoka ndogo.

Mama alikuja, akatazama, akamwita Daktari. Daktari alitoka na glavu mikononi, akainama, akasikiliza ile ngurumo.

"Chujio limesimama," alisema. "Lilisafishwa lini?"

Mama aligeukia jedwali ukutani. Hakusoma tarehe; kutoka pale aliposimama aliona safu ya tiki nyeusi, hakuna kijumba kilichorukwa, na uso wake ukaonyesha fahari. "Kila Ijumaa, Daktari. Mtoto hajakosa hata moja."

"Basi ni pampu. Haijamaliza hata miezi mitatu." Daktari alivua glavu moja, akachukua simu kumwita fundi. "Yule binti ametuuzia kitu kibovu. Sikumtarajia. Na mimi nilikuwa nimempigia debe kwa daktari wa macho wa ghorofa ya juu. Binti anakuja Jumamosi kuweka tangi kule. Itabidi nimwambie yule wa juu asitishe."

Chapuchapu alisimama pale pale, mikono ikitafuta mkanda wa mkoba ambao haukuwa tena begani. Maneno yalikuja mpaka kwenye ulimi, yakatazama nje, yakarudi ndani. Aliwatazama samaki, akamtazama mama yake aliyekuwa bado na ile fahari usoni, na akaona kwamba akisema, itaanguka. Akajiambia kwamba atasema baadaye, watu wakipungua. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mwongo mwenyewe huiona ndefu akiwa juu yake.

Dada Ndoo alifika haraka, anahema, ndoo ya bluu mkononi. Hakusalimia mtu. Alitoa ndani ya ndoo kipampu kidogo cha betri, akatumbukiza mpira wake tangini, na mapovu ya hewa yakaanza kupanda. Akaingiza mkono, akamsogeza yule karani mdogo taratibu mpaka kwenye mapovu, akamshikilia hapo kwa vidole viwili, jinsi mtu anavyomshikilia mtoto anayejifunza kusimama.

"Vuta," alimnong'oneza. "Vuta, baba. Hewa hiyo hapo."

Wagonjwa wote walisogea kutazama. Hata yule mvulana wa pamba alisahau shavu lake. Baada ya muda, pezi moja la karani likacheza. Halafu la pili.

"Atapona?" Mama aliuliza.

"Tukimpa muda. Shikamoo, mama. Shikamoo, Daktari. Nisameheni, sikusalimia."

"Marahaba," Daktari alijibu. Kisha, kwa sauti isiyo kali lakini iliyonyooka, akasema, "Binti, pampu yako imekufa. Sisi huku tumefanya kila tulichoambiwa. Jedwali lile pale, kila Ijumaa imewekewa tiki. Watoto wagonjwa wanakaa mbele ya tangi hili. Leo nusura waone samaki saba wamekufa. Nimepata shaka kuhusu kazi yako, na sitaki kukuficha. Ile ya ghorofa ya juu, nadhani tuisimamishe kwanza."

Dada Ndoo alitazama jedwali kwa mbali, akatazama tangi.

"Kama limesafishwa kila Ijumaa," alisema polepole, "basi kosa ni langu. Pampu niliichagua mimi. Nisamehe, Daktari. Nitaleta nyingine kesho asubuhi, na hii nitaondoka nayo." Akaizima pampu kwenye umeme, akaweka mikono juu ya kifuniko cha chujio, tayari kukiinua.

Chapuchapu aliitazama ile mikono. Ni mikono iliyomfundisha alasiri tatu bila kudai kitu. Sasa ilikuwa inabeba kosa lisilo lake, na kulibeba kwa adabu.

"Dada Ndoo, usifungue kwanza."

Watu wote waligeuka. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Chapuchapu aliongea polepole.

"Pampu haijafa. Sijalisafisha chujio. Ijumaa ya kwanza na ya pili nilisafisha. Baada ya hapo niliweka tiki tu. Na pazia nilikuwa nalifungua, ili samaki wang'ae, watu wanisifu. Si kosa lako. Ni langu."

Machozi yalikuja yenyewe, chapuchapu, kama kila kitu chake.

Fahari ya Mama ilianguka kweli, kama Chapuchapu alivyoogopa. Mama alilisogelea jedwali, na safari hii akasoma tarehe, kidole kikishuka kijumba kwa kijumba. Kidole kikasimama.

"Mwanangu," alisema, "hii Ijumaa ya wiki ijayo uliisafisha lini?"

Mgonjwa mmoja kwenye kiti cha nyuma alicheka, akashika shavu lake na kuguna kwa maumivu. Dada Ndoo naye midomo ilimcheza. Lakini Mama hakucheka. Alikwenda kusimama mbele ya fundi.

"Dada, mimi ndiye niliyesema hajakosa hata moja. Nilisema bila kukagua. Naomba unisamehe, na uniwie radhi kwa huyu."

"Yameisha, mama," Dada Ndoo alisema. Akamgeukia Chapuchapu. "Futa kamasi. Lete ile ndoo yako na brashi. Nani kakwambia kulia kunasafisha chujio?"

Walilibeba chujio hadi uani, penye sinki la kufulia mataulo ya kliniki. Dada Ndoo alikuja na ndoo mbili za maji ya tangi, akaketi juu ya kreti iliyopinduliwa, akakunja mikono. "Mimi natazama tu," alisema. "Fungua."

Chapuchapu alifungua, na akarudisha kichwa nyuma. Ndani hapakuonekana sponji. Palikuwa na kitu cha kijani, kinene, chenye manyoya, mithili ya paka aliyelowa. Bomba lilikuwa limezibwa nyuzi nyuzi za mwani, na kwenye kijifeni cha pampu, kile kinachozunguka ili kuvuta maji, nyuzi zilikuwa zimejisokota kama nywele kwenye kitana. Harufu ilikuwa na adabu kidogo sana.

Mkono wa Chapuchapu ulikwenda moja kwa moja kwenye chupa ya sabuni iliyokuwa juu ya sinki.

"Aa-aa," Dada Ndoo alisema bila kunyanyuka.

"Lakini ni chafu sana."

"Ni chafu, ndiyo. Na ndani ya huo uchafu kuna wafanyakazi. Kuna bakteria wanaoishi kwenye sponji, wadogo huwaoni, ndio wanaogeuza mkojo wa samaki usiwe sumu. Ukitia sabuni, au maji ya bomba yenye dawa, umewafukuza wote kazini. Kesho maji yatang'aa kama kioo chako, na keshokutwa samaki watakufa humo. Kukamua tu. Polepole. Hujui kitu polepole?"

"Najifunza."

Alikamua. Maji ya ndoo yakawa ya kijani, kisha ya kahawia, kisha rangi isiyo na jina. Alikamua tena kwenye maji mengine ya tangi. Alisukuma brashi ndani ya bomba, akaivuta, ikatoka na mkia mrefu wa mwani. Akasukuma tena. Kwenye kijifeni alitumia ncha za kucha, akatoa uzi mmoja baada ya mwingine. Ilimchukua karibu saa nzima, na hakuna hata mmoja aliyemsifu. Ajabu ni kwamba hakuona kama anapungukiwa. Mgongo ulimuuma na vidole vilinuka, lakini ule wasiwasi uliokuwa umemkaa moyoni tangu Jumanne ulikuwa umeondoka.

"Dada Ndoo," alisema, macho kwenye kazi, "asante."

"Ya nini tena? Nimekukalisha kwenye uvundo."

"Ulikubali lawama. Ungeweza kusema tunakuonea."

"Nilidhani kweli ni yangu." Dada Ndoo alichezesha mguu juu ya kreti. "Ila na mimi nakushukuru, mdogo wangu. Mkono ulikuwa juu ya kifuniko. Ningefungua tu, ningeona haya manyoya, na Daktari angeona. Jina langu lingesafishika hata bila wewe. Ulijua?"

Chapuchapu alifikiri. "Nilijua kidogo."

"Basi. Nikifungua mimi, wewe umekamatwa. Ukisema wewe, umesema. Uchafu ni ule ule, lakini mtu si yule yule. Huyo aliyesema naweza kumwachia samaki wangu. Aliyekamatwa, ningemchunga kila Ijumaa mpaka nizeeke."

Walirudi ndani. Chapuchapu alilining'iniza chujio mahali pake, akalijaza maji kama alivyofundishwa, akafunga pazia, akabonyeza swichi. Kimya. Kisha pampu ikanguruma. Ikakohoa, ikatema povu, na maji yakaporomoka, mapana na meupe, kwa sauti ambayo Chapuchapu hakujua kwamba ameikosa kiasi kile. Makarani walishuka mmoja mmoja kutoka juu. Yule mdogo alishuka wa mwisho, anayumba, lakini anashuka kwa mapezi yake mwenyewe. Meneja alipita chini ya maporomoko, akageuka, akapita tena. Halafu akaja mbele ya kioo na kuwatazama wote kama anayeuliza chakula kimechelewa kwa nini.

Daktari alikuwa amesimama mlangoni. Alikwenda kwa Dada Ndoo na kumpa mkono.

"Nilikuhukumu kwa karatasi," alisema. "Haikuwa haki. Nimeshaongea na daktari wa macho. Anakusubiri Jumamosi, na nimemweleza jinsi ulivyofika hapa ukihema."

Dada Ndoo aliushika ule mkono kwa mikono yake miwili. Alitaka kusema neno la mzaha, maana ndiyo tabia yake, lakini lililotoka lilikuwa "Asante sana, Daktari," basi.

Ikabaki zamu ya Chapuchapu. Alijisogeza mwenyewe.

"Daktari, ukitaka kuichukua ile meza, ni haki yako."

"Meza haina kosa." Daktari alivuta kiti, akakaa, macho yao yakawa sawa. "Uliniambia kazi hii ni ya kunishukuru. Nikafurahi, ingawa sikusema. Sasa nikueleze jambo ambalo naliona kila siku. Watu wanaokuja hapa, wengi wana meno ya mbele mazuri mno. Wanayapiga mswaki asubuhi mpaka yanametameta, kwa sababu ndiyo wanayochekea. Lakini siwaiti humu ndani kwa ajili ya hayo. Nawaita kwa ajili ya magego, yale ya nyuma kabisa, yasiyoonekana na mtu, ndiyo yaliyooza. Na magego ndiyo yanayotafuna chakula, Chapuchapu. Ya mbele yanapamba tu."

Chapuchapu alitikisa kichwa kukubali.

"Kazi nayo ina upande wa mbele na wa nyuma. Kusafisha upande wa mbele ni kutaka shukrani. Kusafisha upande wa nyuma, ambao hakuna atakayekuja kuuangalia, huko ndiko kushukuru. Na ukishindwa siku moja, acha kijumba kitupu. Kijumba kitupu kinaniambia ukweli, naweza kukusaidia. Tiki ya uongo inanifanya nimwonee mtu aliyekuja na ndoo yake kwa wema."

"Nimeelewa, Daktari."

"Umeelewa au umeitikia?" Mama aliuliza kutoka mapokezi. Lakini sauti ilikuwa na joto tena, na Chapuchapu alipoisikia alishusha pumzi ndefu kuliko zote za siku ile.

"Nimeelewa, mama. Na asante kwa kuniombea radhi."

"Radhi nimekuombea mara moja. Ya pili utajiombea."

Daktari aliinuka, akavaa glavu safi. Kisha akasita, akamtazama Chapuchapu juu ya miwani.

"Na wewe mwenyewe," alisema, "magego yako unayapiga mswaki?"

Chapuchapu alifunga mdomo. Aliwaza asubuhi zake zote, jinsi mswaki ulivyopita mbele mara mbili, kulia, kushoto, na kutoka mbio kwenda shule. Alimtazama mama yake. Mama aliinua nyusi na kusubiri.

"Sana sana ya mbele, Daktari," alijibu.

Wagonjwa wawili waliobaki waliangua kicheko, na Dada Ndoo akacheka mpaka ndoo ikagonga ukuta. Daktari hakucheka, ila mlango wa chumba chake aliufungua wazi, akawasha taa kubwa juu ya kile kiti kirefu.

"Asante kwa kusema kweli mara ya pili leo," alisema. "Njoo tuone."

Chapuchapu akaenda, taratibu, akapanda kwenye kiti, akapanua mdomo wote.